Sarafu Iliyotobolewa na Msumari

Kwenye kabati la chumba cha mmoja wetu kuna kopo la biskuti, lile la bati la duara. Ukilitikisa linalia kama kikapu cha sadaka cha misa ya watoto. Wenzetu wa darasa wanaliita Benki Kuu, na mwisho wa muhula, posho zikiwa zimekwisha, hupita mlangoni kuuliza kama tunakopesha. Ndani yake zimo sarafu 41. Hakuna hata moja isiyo na kasoro.

Hilo si kwa kupenda kwetu. Sisi ni mafrateri watatu tunaosoma falsafa, na fedha tunayopewa inaishia kwenye sabuni, vocha na daftari. Sarafu ya kale iliyo nzima, yenye maandishi yanayosomeka pande zote, ina wenyewe, nao si sisi. Zinazotufikia ni zile ambazo wenye fedha wamezikataa: zilizolika mpaka sura ya mfalme imekuwa kama kisigino, zilizopigwa nyundo, zilizotobolewa ili mtoto avalishwe shingoni. Tulianza kwa sababu mmoja wetu alirithi kutoka kwa babu yake heli 10 ya Kijerumani yenye tundu katikati, ikiwa bado na kipande cha uzi. Wengine wawili tukaona wivu. Ndivyo kopo lilivyoanza.

Msomaji asidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Hebu fikiria neno ambalo umelitumia leo kabla ya saa nne asubuhi: hela. Neno hilo limetoka kwenye sarafu. Wajerumani waliipiga heller kwa ajili ya koloni lao kuanzia mwaka 1904, heller 100 kwa rupia moja, na jina lenyewe walilitoa kwao, katika mji wa Hall ulio kusini mwa Ujerumani, ambako sarafu ndogo za namna hiyo zilikuwa zikipigwa tangu karne za kati. Kabla ya heller kulikuwa na pesa, 64 kwa rupia, na jina hilo lilivuka bahari kutoka India. Tunayo pesa moja ya mwaka 1890, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, imekunjika kidogo ukingoni kama chapati. Tunayo pia pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria. Hiyo mizani imelika upande mmoja, na mwenzetu mmoja kila akiiona husema kwamba ni picha ya kweli kuliko ilivyokusudiwa.

Kuna vitu tunavyovikataa. Mtu aliwahi kutuletea vipande vidogo vya shaba akasema ni vya masultani wa Kilwa, wale waliopiga sarafu zenye kina: jina la sultani upande mmoja, na sifa ya Mungu yenye kina kilekile upande wa pili. Huenda alisema kweli. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya kabla ya mwaka 1863, na mahali pake ni makumbusho, si kopo la biskuti. Tulimshukuru tukamwelekeza aende huko. Siku ile tulijiona watu wa haki sana. Tunalitaja hilo kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Likizo ndefu ya mwaka jana tulipangiwa uchungaji katika parokia moja ya magharibi, kwenye vigango vilivyo kando ya Reli ya Kati. Jioni moja tulikwenda kusali na Jumuiya Ndogo Ndogo nyumbani kwa bibi mmoja mjane. Baada ya sala tukakaa nje tukila karanga. Mlango wa jiko lake ulikuwa wa mbao uliofunikwa bati, na bati lilikuwa limepigiliwa misumari yenye vizibo vya soda, kama wafanyavyo watu wengi ili msumari usipasue bati. Msumari mmoja haukuwa na kizibo. Ulikuwa na kitu kipana cheusi chenye wekundu wa moshi. Mmoja wetu aliinuka, akajifanya anajinyoosha, akasogea karibu. Aliona taji. Chini ya taji akaona D.O.A., na chini yake 1916.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu bila kujua mwaka huo 1916 huwezi kuelewa mapigo ya mioyo yetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli za Uingereza ziliziba pwani, na koloni la Wajerumani likakatwa na Ulaya. Sarafu hazikuweza kuletwa tena. Watu nao, kama ilivyo desturi ya watu wakati wa vita, waliificha fedha ya chuma wakabakiza noti mkononi. Serikali ya Gavana Schnee ikaamua kujipigia sarafu yenyewe, na mahali palipokuwa na mashine za kufaa ni karakana ya reli ya Tabora. Reli ilikuwa imefika pale mwaka 1912. Wakapiga heller 5 na heller 20 kwa chakavu cha shaba, yakiwemo maganda ya risasi, na chini wakaweka herufi T ya Tabora. Wakapiga pia rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa dunia nzima wanazigombania. Mwezi Septemba mwaka uleule Wabelgiji waliokuja kutoka Kongo wakaiteka Tabora, na kazi ikaisha.

Kwa hiyo heller 20 ya Tabora ilizaliwa na kasoro. Mafundi waliozoea kutengeneza vipuri vya treni walijifunza kupiga sarafu huku adui akikaribia. Mihuri yao haikulingana: taji mara kubwa, mara dogo, herufi L mbili za neno HELLER mara zina ncha iliyochongoka, mara zimepinda. Wakusanyaji wanazitambua aina zake kwa tofauti hizo. Sisi tunaona mkono wa mtu zaidi kuliko kwenye sarafu safi za Berlin.

Basi, tulimwuliza bibi kama angetuuzia ile ya mlangoni.

Akacheka. “Hiyo hela ya Mdachi? Ina kazi gani, frateri?”

Mmoja wetu akajibu, “Ya kuangalia tu, bibi.”

Akasema tumpe ya chumvi. Tukampa shilingi 2,000, tukaona tumekuwa wakarimu, maana chumvi haifiki bei hiyo. Mjukuu wake akaleta koleo, akang'oa msumari. Usiku ule parokiani tuliiosha kwa maji ya bomba na tukashindwa kulala kwa furaha.

Asubuhi mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja ila anajijua na ameomba msamaha mara nyingi, alichukua limau na majivu akaisugua. Alitaka kutushangaza wakati wa chai, na alifanikiwa. Sarafu iliyokuwa na rangi ya kahawa nzito sasa iling'aa kama kijiko kipya, na mahali ambapo limau lilikaa muda mrefu, hasa kuzunguka tundu la msumari, ilikuwa na rangi ya waridi. Baadaye tulielewa kilichotokea. Chuma hicho ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na asidi huila zinki kwanza, ikaacha shaba nyekundu peke yake juu. Hakuna namna ya kuirudisha. Ile rangi nyeusi tuliyoiita uchafu ilikuwa ngozi ya sarafu, iliyoota kwa miaka zaidi ya 100 na kuilinda.

Tangu siku hiyo tumejifunza kwa aibu, na tunaandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye sarafu ya babu ndani ya sanduku. Usiisugue kwa limau, kwa majivu, kwa dawa ya meno wala kwa steelwire. Ukilazimika kuondoa udongo, iloweke kwenye maji yaliyochujwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari (sema wazi unataka maji, si asidi, kwa maana duka moja huuza vyote na chupa hufanana), kisha uiache ikauke juu ya kitambaa bila kuifikicha. Gundi na mafuta huondoka kwa asetoni safi ya maabara. Ishike kwa ukingo, jasho la kidole huacha alama. Usiiweke kwenye mifuko laini ya plastiki yenye harufu, kwa sababu baada ya miaka michache mingine hutoa majimaji ya kijani yanayonata. Bahasha ndogo ya karatasi inatosha, na zile pakiti ndogo zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, zinazofyonza unyevu, tunazikusanya kutoka kwa kila frateri anayenunua viatu. Ile pesa yetu ya Zanzibar ilikuja na unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiufuta. Chumvi ya pwani imo ndani ya shaba, na dawa tuliyo nayo ni kuiweka pakavu kabisa na kuiangalia kila mwezi, kama mgonjwa wa sukari.

Tulimpigia picha mkusanyaji mmoja wa Dar es Salaam tunayewasiliana naye. Tulimtumia picha mbili, ya kabla na ya baada. Akajibu kwa kifupi: hata na tundu, ile ya kwanza angeinunua kwa 30,000. Ya pili, labda 10,000, na kwa kutuhurumia.

Tulihuzunika juu ya zile 20,000 zilizoliwa na limau. Hakuna aliyetaja zile 2,000.

Muhula ulipofunguliwa, katika somo la maadili tulifika kwenye mada ya haki katika kununua na kuuza, na mwalimu wetu akatupa tusome Mtakatifu Thomas wa Akwino, Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77. Wanafunzi wengi husoma swali lile wakiwafikiria wauzaji: mwenye duka anayechakachua, anayeficha kasoro ya ng'ombe. Sisi pia tulianza hivyo. Lakini katika kipengele cha pili Thomas anageuka ghafla kumtazama mnunuzi. Anasema kwamba yanayompasa muuzaji yanampasa na mnunuzi. Mtu akiuza dhahabu akidhani ni chuma cha bei ndogo, na mnunuzi akajua ni dhahabu, mnunuzi huyo amenunua bila haki na anapaswa kurudisha.

Tulikuwa tumekaa safu moja, watatu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mabishano yalianza chakula cha jioni na yakaendelea majuma mawili. Wa kwanza alisema jambo liko wazi: sisi tulijua, yeye hakujua, tunadaiwa. Wa pili alikuwa amesoma kipengele cha kwanza kwa makini zaidi kuliko sisi, na lazima tukiri hoja yake ilikuwa nzito. Pale Thomas anasema kwamba mnunuzi akipata faida kubwa katika kitu, na muuzaji hapotezi kitu kwa kukiuza, muuzaji hana haki ya kupandisha bei, kwa sababu faida ile inatokana na hali ya mnunuzi, si ya muuzaji; mtu hawezi kuuza kisicho chake. “Sasa,” akasema mwenzetu, “thamani ya ile sarafu iko wapi? Si kwenye shaba. Aristotle mwenyewe anasema katika Maadili, kitabu cha tano, kwamba fedha ina thamani kwa sheria, si kwa asili, ndiyo maana Wagiriki waliiita nomisma, kutoka nomos. Sheria ya heller 20 ilikufa zamani. Kilichobaki ni kichaa chetu sisi watatu na cha yule wa Dar. Bibi hakuwa na kichaa hicho, kwa hiyo hakutuuzia.” Na hata hapo, aliongeza, Thomas anasema mnunuzi aliyefaidika anaweza kuongeza kitu kwa hiari, kwa uungwana. Basi tumpelekee sukari kilo mbili tuishie hapo.

Wa tatu alikuwa yule wa limau. Alikaa kimya kwa siku nyingi, kisha akasema kwamba mkusanyaji wa Dar angempa bibi 30,000 zilezile ambazo angetupa sisi. Bei ilikuwepo sokoni. Haikuwa kichwani mwetu tu.

Tulipeleka ugomvi kwa mwalimu. Hakutoa hukumu, aliuliza maswali mawili. Siku mnanunua mlijua ina bei? Tulijua. Na alipowauliza ina kazi gani, mlimjibu nini? Tukamwambia: ya kuangalia tu. Akarudia maneno hayo polepole, “ya kuangalia tu,” akaendelea kusahihisha makaratasi yake.

Tukaamua ni 28,000. Mwenzetu mmoja alipendekeza tutoe gharama ya kuharibika, kwa kuwa sasa sarafu ni ya 10,000. Lakini limau halikuwa la bibi. Bei ya siku ya mauzo ndiyo bei. Mmoja wetu ndiye kinyozi wa nyumba, na kwa muhula mzima vichwa vya mafrateri vililipia deni. Tukaongezea na fedha za mandazi. Kopo halikuongezeka hata sarafu moja.

Likizo ya Desemba tulipata ruhusa ya siku tatu. Tulifika kwa bibi asubuhi, akatupokea, “Mwangaluka,” tukajibu kwa lafudhi mbaya akafurahi. Kabla hatujafungua mdomo alituonyesha mlango wa jiko. Tangu tuchukue ile hela, msumari ulikuwa umelichana bati, na usiku wa upepo lilipiga kelele mpaka alikuwa amelifunga kwa kamba ya katani. Hatukuwa tumewaza hilo kamwe. Katika mabishano yetu yote, pamoja na Thomas na Aristotle, hakuna aliyekumbuka kwamba sarafu ilikuwa na kazi.

Mmoja alikwenda dukani akanunua washa sita na misumari ya bati. Wakati anapigilia, tulimweleza bibi habari yote: kwamba tulijua, kwamba kuna mtu angetoa 30,000, kwamba tulinyamaza. Tulimpa zile 28,000 na sarafu yenyewe, achague. Tulitegemea atakataa fedha, kama wanavyofanya wazee katika hadithi. Hakukataa. Alihesabu noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaichukua sarafu, akaigeuza juani.

“Mmeiogesha?”

Yule wa limau akakiri.

“Baba mkwe angewacheka,” akasema, na hapo ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza kwamba sarafu ilikuwa na mtu. Baba mkwe wake alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya Mdachi. Tulikuwa tumesoma habari za wapagazi wa vita ile, mamia ya maelfu wa pande zote mbili, na jinsi walivyokufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Tulikuwa tumeyasoma kama mtu asomavyo mtihani. Bibi alisema mzee hakuwa akieleza mengi. Alisema tu kwamba bega moja lilikuwa chini ya lingine mpaka alipokufa, na kwamba aliporudi alikuwa na hela kumi na kitu kwenye pindo la shuka, na muda si mrefu fedha ikabadilika. Watoto walizichezea zikapotea moja moja. Hii ilibaki kwa sababu mumewe aliipigilia mlangoni alipojenga jiko.

Kwa nini hakutuambia siku ile? Tulimwuliza. Akatuangalia kama watoto. “Hamkuuliza ni ya nani. Mliuliza bei.”

Akairudisha mkononi mwetu. Mlango una washa sasa, alisema, na yeye hana kopo. Lakini alitaka jina la mzee liandikwe mahali inapokaa, na akatutajia herufi kwa herufi, akatusimamia mpaka tukaandika sawasawa. Jina hilo liko kwenye bahasha. Hapa hatuliandiki, kwa kuwa hatukumwomba ruhusa ya kulichapisha.

Tumebadilisha na bahasha nyingine. Nyuma ya kila moja tunaandika aliyetuuzia alituambia nini, na 14 kati ya zile 41 hazina neno, kwa sababu hatukuuliza na wengine hatujui tena pa kuwapata. Ile ya Tabora tunaifungua mara moja kwa mwezi, tukiishika kwa ukingo. Upande wa taji imeanza kurudia rangi ya kahawa. Karibu na tundu bado ni ya waridi.